Mwalimu Komora, Kanga ya Kengele na Maneno Yasiyoandikwa

Mwalimu Komora anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili 1999. Amefundisha miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili ya mwisho akiwa mkuu wa shule yetu hapa Garsen. Walimu wamenipa mimi Jumwa, mpishi, niandike wasifu wake, maana ndimi niliyekaa naye kuliko wote. Shule yangu ni ya ngumbaru na maneno ya kupaka mafuta sina. Atakayeudhika na audhike, uji wangu ameunywa.

Alifika mwaka wa 1987 na sanduku la bati na fimbo. Alikuta madarasa matatu, anaacha manane. Mafuriko ya juzi yalipoingia ofisini, alibeba madaftari ya majina kichwani, maji kifuani, viatu akavisahau. Hadi leo viatu hivyo viko kwa mamba.

Lakini tusidanganyane. Kengele yetu ni rimu ya lori, na mtoto kiziwi hasikii rimu. Kila asubuhi viziwi walichelewa mstarini, kila asubuhi walichapwa. Abdia, binti ya Dahabo muuza maziwa wa stendi, alichapwa kwa kutosikia, kisha akachapwa kwa kulia. Darasa la kwanza alikaa miaka minne. Mimi nilikuwa naona kutoka mlango wa jikoni, nikanyamaza. Hilo ni langu, nalibeba.

Dahabo hakunyamaza. Alikuja na kibuyu cha maziwa mgongoni akasimama mbele ya ofisi, shule nzima ikisikia: “Mwalimu, na kipofu je, ukimchapa atakuona?” Mwalimu akafunga mlango. Akamwita mama wa fujo, akamwambia bawabu asimruhusu kuingia. Dahabo akakusanya wazazi wengine wa watoto viziwi, Waorma, Wapokomo, Wagiriama, wakaketi langoni. Hapo Mwalimu akamletea karatasi aweke kidole, mambo yaishe. Aliweka. Hakuna aliyemsomea. Kumbe imeandikwa kwamba amemtoa mtoto shuleni kwa hiari yake.

Alhamisi moja mwaka wa 1992, Dahabo alipita nyuma, akamkuta Mwalimu jikoni kwangu, ameketi juu ya gunia la mahindi na kikombe cha chai. Jikoni hamna mlango wa kufunga, na chai ilikuwa ya moto. Dahabo akaketi gunia la pili akasema yote. Mwalimu akaanza kujibu. Nikamwambia, “Kwanza rudia alichosema.” Akarudia. Dahabo akasema, “Sivyo.” Akarudia tena. “Sivyo.” Mara ya tatu akasema yule mama hataki huruma, anataka mtoto wake aitwe kama wengine wanavyoitwa. Dahabo akasema, “Ndivyo.” Siku hiyo Mwalimu aliichana ile karatasi ya kidole, Abdia akarudi darasani.

Basi ikawa desturi. Kila Alhamisi magunia mawili: Dahabo aseme, Mwalimu arudie mpaka aambiwe ndivyo, ndipo ajibu. Sharti la Dahabo lilikuwa moja, karatasi isionekane. Kalamu ilishamdanganya.

Kutoka kwenye magunia yale ndiko ilikotoka kanga. Rimu ikigongwa, mimi napandisha kanga yangu nyekundu juu ya mti mrefu kando ya jikoni, na watoto viziwi wanakimbia kuliko wote. Kutoka pale walimu wakakoma kuzungumza na ubao na kuwapa watoto kisogo. Mwalimu Nuria akapelekwa wakati wa likizo kusomea lugha ya ishara, akapewa chumba na watoto tisa. Mwalimu Komora naye akajifunza, akafanya mazoezi kwa ng'ombe wake, majirani wakadhani joto limempanda kichwani. Abdia sasa yuko darasa la nane. Novemba atafanya mtihani, kama ataufikia.

Nasema kama, kwa sababu Jumatatu mkuu mpya alikuja kuonyeshwa shule. Akaulizia faili ya darasa la viziwi. Hakuna. Miaka saba ya Alhamisi, hakuna hata mstari mmoja. Akasema darasa lisilo na barua si darasa. Muhula ujao chumba ni stoo ya vitabu, Nuria anakwenda darasa la tatu, watoto “wachanganyike na wenzao”. Na kanga za jikoni zibaki jikoni.

Mwalimu, wewe umesoma. Dahabo alikataa karatasi kwa sababu wewe ndiwe uliyemchoma nayo. Kazi yako ilikuwa kumrudishia imani, umsomee neno kwa neno mpaka aseme ndivyo, kama ulivyojifunza kwa mdomo. Uliona raha kuwa mtu mwema wa magunia. Wema wako unaondoka nawe, na sisi tunabaki na rimu.

Alhamisi iliyopita ulikwenda Hola kwa mambo ya kustaafu. Dahabo alikuja, akaketi gunia lake, akangoja hadi chai ikapoa. Hakuna aliyerudia maneno yake.

Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, nami nakushukuru kwa kukubali kusahihishwa na mpishi. Tunakuombea afya, maziwa na mvua ya kiasi. Lakini Ijumaa hiyo basi lako la Malindi haliondoki kabla ya saa nane. Kalamu na karatasi nimeziweka juu ya gunia lako, na Dahabo nimemwita. Ukija, andika. Usipokuja, nenda salama. Kanga yangu nitaishusha, nijifunge kiunoni.