Mita Nne: Maisha ya Marehemu Fundi Mkato, 1961–2023

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza saa, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi saa na mshonaji. Akiwa na miaka sita alinyoosha kidole ukutani, kwenye saa zaidi ya thelathini, akamwambia baba: "Ile inachelewa." Baba akaifungua. Kweli ilikuwa inachelewa.

Alimaliza sekondari mwaka 1978, na mwaka 1982 akahitimu ufundi redio chuoni. Huko ndiko wenzake walikombandika jina la Mkato, kwa kuwa hakusema maneno mawili pale ambapo moja lilitosha. Hesabu za vipimo aliandika kiganjani kwa kalamu, kisha akazihamishia daftarini. Sisi wadogo zake tulimcheka sana kwa tabia hiyo.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Pamoja na mke alipata shemeji, kaka pekee wa mkewe, mchimbaji wa mgodini mwenye maneno mengi kupita kiasi. Walishibana.

Baada ya miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya simu, marehemu alihamia mgodini mwaka 2004. Mwaka 2011 alifunga redio za mapigo kwenye kofia za wachimbaji wote, akawaeleza: "Redio mnayoijua hupiga mluzi mrefu. Hii hupiga kofi, fupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Kwa ufupi huo, nguvu yake husambaa kwenye masafa mengi mno, kidogo kidogo, hata redio nyingine haziitambui."

"Sasa wewe utaitambuaje?" aliuliza shemeji.

"Najua mpangilio wa makofi. Najumlisha maelfu, makelele yanafutana, kofi linabaki. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde mawimbi hukimbia sentimita thelathini. Nikipima muda, nimepata umbali wako. Ukuta nao utarudisha mwangwi, lakini kofi ni fupi, kwa hiyo mwangwi haugandamani nalo. La kwanza kufika ndilo la kweli."

"Kwa hiyo umeniwekea mtu wa kunipiga makofi kichwani kutwa nzima?"

"Ndiyo. Alikosekana."

Tarehe 27 Mei 2014 marehemu alisogeza kipokezi kimoja cha mapigo hayo, kilichofungwa ukutani mgodini, mita nne kupisha bomba la maji. Kipimo kipya alikiandika kiganjani. Akanawa mikono, akala, na mtambo uliohesabu mahali pa kila kofia haukuambiwa kitu.

Tarehe 9 Juni mwamba uliporomoka, ukamfukia shemeji. Kofia yake iliendelea kutuma mapigo. Mtambo ulipima umbali bila kosa, lakini ukauhesabu kuanzia mahali ambapo kipokezi hakikuwapo tena. Waokoaji walitoboa ukuta pale skrini ilipoonyesha, wakakuta jiwe tupu. Saa saba baadaye walimpata mita nne kando. Daktari alisema alikata roho muda usiozidi saa moja kabla.

Ripoti iliandikwa "hitilafu ya mtambo". Marehemu aliitia saini.

Februari 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Wiki mbili kabla ya kufariki alimwambia mkewe: "Mtambo haukukosea. Ni mimi. Lisomwe mazikoni." Mkewe hakuzungumza naye siku tatu. Siku ya nne alimlisha uji, akatuambia: "Mtasoma. Kaka yangu amesubiri miaka tisa."

Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Juzi mkewe alikwenda kwa wifi yake, mjane wa mchimbaji, kumweleza kabla hajasikia hapa mbele ya watu. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema: "Kila mwezi mumeo alikuja kunijulia hali. Miaka yote hiyo namwambia karibu kiti, anasimama mlangoni. Mtu hasimami hivyo bure, wifi."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na ndugu wanne. Ameacha pia mjane wa shemeji yake, ambaye leo asubuhi tulimwekea kiti mstari wa mbele, pamoja na wafiwa. Alisimama kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akaketi.

Kaka, nawe sasa keti. Pumzika kwa amani.