Ukoo wa Kipande cha Mwisho

Kwenye basi hapa Milwaukee, Gretchen na Duane walikaa mbele yangu wakila vipande vya jibini kutoka mfuko mmoja. Gretchen alikuwa akitunga koo za mbilikimo wa hadithi kwa ajili ya mchezo wao wa mezani wa Jumamosi, ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake. “Ukoo wako, Duane, uko vitani miaka mia tatu, kisa mmoja wenu alikula kipande cha mwisho kwenye sahani.”

“Acha zako! Nani apigane kwa sababu ya jibini?”

“Mama yako. Shangazi yako alikula kipande cha mwisho, mpaka leo hamsalimii.”

“Mama usimtie humo! Nipe ukoo wa wachimba dhahabu, kama wachezaji wenzangu.”

“Haya, basi malizia jibini.”

Duane akachungulia mfukoni. Kilibaki kipande kimoja. “Kula wewe.”

“Hapana, wewe.”

Basi liliposimama wakashuka wakibishana vivyo hivyo, mfuko wakauacha kitini na kile kipande ndani. Abiria tuliobaki tuliutazama. Hakuna aliyeugusa.