Mato Saba ya Marehemu Bi Khairiya

Ngiiii. Sauti hiyo mliisikia usiku wa kuamkia leo, saa saba kasoro robo, nyinyi mliolala humu ndani kwenye mikeka ya matanga, na Bi Kulthum akakaa kitako akasema, "Ndiye, dada amerudi, amekuja kutaka chuma chake," na nusu ya ukumbi ikaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, basi anayewasomea historia hii, Hadil, mke wa Shuaib, anaomba radhi, sauti ile ataieleza zamu yake ikifika, maana historia ya marehemu ina mpango wake na yeye ameambiwa aanze na kuzaliwa.

Marehemu Bi Khairiya binti Madi alizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Madi Harith na Bi Hadia, na mdogo wake ni Bi Kulthum, aliyeketi hapa mbele, tena mbele kabisa. Alihitimu Kurani chuoni akiwa na miaka kumi, skuli akasoma mpaka darasa la nne, na mwaka 1969 akatolewa ili amsaidie mamake kupika vitumbua, na hapo ndipo alipokabidhiwa kile chuma cha vitumbua cha kusubu, yaani cha kuyeyushwa na kumiminwa, chenye mashimo saba, kizito cha kumtoa mtu jasho, ambacho kwa Kiamu chetu hakikuwa na jina jingine ila Mato Saba, yaani macho saba. Mwaka 1971 Bi Kulthum, akiwa na miaka sita, alikiangusha ngazini, sikio moja la kushikia likamegeka pengo la ukubwa wa ukucha, na pengo hilo ndilo lililomfunza marehemu jambo ambalo wengi hawalijui hadi leo, kwamba chuma cha kusubu si sufuria ya kubonyea ukainyoosha, hicho kikianguka vibaya huvunjika kama kigae.

Tarehe 8 Agosti 1976 aliolewa na marehemu Bwana Abdulghafur, seremala wa Mkomani, mjini Lamu, akaja Amu yetu hii na sanduku la nguo na Mato Saba, wakajaliwa watoto wawili, Shifaa, aliyeolewa Kiunga, na Shuaib, ambaye alimwoa Hadil mwaka 2023, na mjukuu wa mwisho ni Barka, mwenye miezi minne, huyo anayelia huko nyuma, naomba mtu ampakate.

Kazi yake mnaijua. Mumewe alipofariki tarehe 2 Juni 2009, nyumba za kale zikitengenezwa na vyombo vya jikoni vya mabibi vikitupwa vichochoroni, marehemu alianza kuviokota, makaango na vyungu vya chuma, akavisugua kwa mchanga, akavipaka mafuta, Shuaib akavipiga picha, na watu wa bara wakaviagiza kwa njia ya vifurushi. Kila chombo alikigonga kwa kijiko cha mti usiku mji ukiwa umetulia, punda wamenyamaza, kikiwa kizima hulia ngiiii, kikiwa na ufa husema tap, na chenye ufa hakisafiri. Kisha alijaza kila shimo karatasi za magazeti zilizofinyangwa, akakifunga chombo kwa leso kuukuu, mfuniko akaufunga peke yake, haujawahi kupanda juu ya chungu, akakiweka ndani ya boksi lililojaa makumbi ya nazi yaliyopondwa, na boksi hilo ndani ya boksi jingine, na makumbi tena katikati, halafu akalitikisa sikioni mwake kama mtu anayesikiliza simu. Likisema neno lolote alifungua akaanza upya. "Kina ndia ndefu hiki," alimwambia Hadil kila kifurushi kikianza njia, "na huko ndiani hakuna wa kukihurumia."

Wengi humcheka kwa kuandika MAYAI juu ya kila boksi. Sababu yake ni hii. Mwezi wa Mei 2014 alimpelekea mwalimu mmoja wa Nakuru, Bi Emily, chuma cha vitumbua alichokiagiza kama zawadi ya mamake mzazi, na kwa ukweli wake marehemu akaandika juu CHUMA, basi hamali mmoja pale gatini, ambaye ni Taha, yuko upande wa wanaume na ananisikia, akasoma, akasema, "Chuma hiki! Kitavunja gati kabla gati halijakivunja," akalibwaga. Kilifika Nakuru vipande viwili. Tangu siku hiyo marehemu aliandika MAYAI, na Taha akawa anabeba kilo kumi na mbili kwa ncha za vidole akilalamika, "Miaka kumi na mmoja, Bi Khairiya, hata yai moja la kukaanga sijaonja," naye humjibu, "Kuku wangu ni wa Mbwajumali, mwanangu, hatagii wavivu."

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Februari mwaka huu, na usiku wa tarehe 5 Novemba ulizidi, ikabidi ashushwe ngazi kwa machela kupelekwa hospitali, naye akawaambia waliombeba, "Jazeni mito pembeni, nisiteteme," halafu akauliza, "Mumeniandika nini juu?" na Taha, aliyeshika upande wa kichwa, machozi yakimtoka, akamjibu, "Mayai, Bi Khairiya, mayai matupu." Alifariki Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Hadil.

Sasa ndipo penye shida, na Hadil anaomba asikatizwe na mtu yeyote, asije akaingiwa na hofu akaketi. Siku ya tatu ya matanga Bi Kulthum aliingia jikoni kuchukua Mato Saba, akasema ni haki yake kwa mamake, akafungua kile kitambaa ambacho marehemu alikizungusha kwenye sikio miaka yote ati kwa ajili ya moto, akapapasa, akapapasa tena, pengo halipo. Akatoka nalo neno, "Mkaza mwana ameuza chuma cha mama yangu bara, amenunua kingine akatuwekea," na tangu hapo Hadil haletewi hata bilauri ya kuosha, Shuaib naye hali chakula chake kwa raha, na yeye hakuweza kujitetea, kwa kuwa ukweli alipewa na mavyaa yake hospitalini na akaapishwa.

Ukweli ni kwamba mwaka ule wa 2014 Bi Emily alilia kwenye simu, siku ya kumpa mamake zawadi ilikuwa imebaki wiki moja, na katika Amu nzima hakikupatikana chuma kingine, basi marehemu, kwa aibu ya kazi yake, alichukua Mato Saba ya mamake mwenyewe, akaifunga siku mbili, akaandika MAYAI, akaipeleka, ikafika salama. Baadaye alipata kingine Kiunga kinachofanana nacho, akakifunga kitambaa sikioni, na hakumwachia mtu yeyote akishike, hasa nduguye. "Usimwambie mtu," alisema, "na Kulthum ndiye mtu wa kwanza."

Hadil alimpigia Bi Emily akimwomba picha tu ya sikio, Bi Emily akasema picha hailii ikigongwa, na akakipakia chuma chenyewe siku hiyo hiyo, kwa makumbi na maboksi mawili, alivyofunzwa na marehemu kwa simu. Kilifika jana kwa boti ya jioni. Hadil alikifungua jikoni peke yake, akasubiri mji utulie, akakigonga, nanyi wote mkasikia jibu, kisha akakifunga upya. Boksi lile pale mlangoni lililoandikwa MAYAI ndilo hilo, Bi Kulthum alifungue kwa mkono wake na pengo lake alipapase mwenyewe, maana hakuna alijuaye zaidi yake, na kirudi Mbwajumali kwao, ila Taha ndiye atakayekibeba, polepole.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkomani waliopika na kulaza wageni, mahamali wa gatini, na wote waliomtumia makumbi bila kuuliza ya nini. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na alipanue kaburi lake, na wewe, Mama, lala pasipo kutikiswa.

Na kuhusu ile siri, Hadil aliapa hatamwambia mtu, na watu mliomo humu ndani hamzidi themanini, basi anaahidi mbele yenu kwamba baada ya nyinyi hatamwambia mtu mwingine yeyote.