Gramu Ishirini za Bortolo Pintossi

Ifikapo tarehe 31 Mei, Bortolo Pintossi, fundi wa bastola wa Chama cha Shabaha cha San Rocco, atakabidhi funguo za karakana baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi. Katibu wetu, Bi Norma, ameniagiza ukurasa mmoja wa kuchangamsha, usomwe mbele ya wanachama wakati nyama ya mishikaki inageuzwa motoni. Nimekuwa msaidizi wa Mzee Bortolo kwa miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo kazi hii imenifikia kwa haki. Kuchangamsha nitajaribu.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na minne, kutoka kiwanda kimoja hapa bondeni Val Trompia alikokuwa akipiga tupa mitutu tangu alfajiri. Chama wakati huo kilikuwa na bastola tatu, jiriwa moja ya kubania vyuma na jiko la kuni lililotoa moshi ndani badala ya nje. Mwaka wake wa pili walengaji wetu walianza kurudi na medali, na walengaji wa mabonde mengine wakaanza kupita karakanani wakijifanya wamepotea njia.

Tabia zake mnazijua. Bastola sumbufu huipa jina la shemeji yake, Giacomina. Mpini wa mbao huuchonga akiwa ameshika mkono wa mlengaji kama mganga anayetafuta mshipa, na asiporidhika huwaambia hata mabingwa, "Nenda kale polenta, mkono wako leo hauna nyama." Chakula cha mchana hula amesimama, na ole wake atakayeweka jibini juu ya meza ya kupimia.

Meza hiyo ndiyo msikiti na kanisa lake. Sheria ya bastola ya mita ishirini na tano inataka kifyatulio kibebe kilo nzima bila kufyatuka. Mafundi wengi huacha gramu hamsini au sitini za ziada ili walale usingizi. Mzee Bortolo huacha ishirini. Huning'iniza jiwe la kilo, kisha huongeza vijiwe vidogo, mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, halafu hutia tone la rangi nyekundu juu ya skrubu inayorekebisha kifyatulio ili isisogee. Nilipoanza kazi nilimwambia kwamba naweza kuusikia uzito kwa kidole. Alinitazama juu ya miwani.

"Kidole chako jana kililala wapi, Ermes? Unajua? Basi pima."

Sasa nafika Bologna, na hapa ndipo ningependa kalamu iishiwe wino.

Wote mnaikumbuka Bologna, miaka kumi na saba iliyopita. Loredana Saleri, mlengaji wetu bora kuliko wote, alikuwa akiongoza mashindano ya taifa. Mzee Bortolo alibaki nyumbani na homa. Bastola niliisafirisha mimi, pamoja na mke wangu Tullia. Asubuhi ilipimwa ikapita. Alasiri, baada ya risasi ya mwisho, waamuzi waliipima tena. Jiwe la kilo halikuinuka mezani. Kifyatulio kilifyatuka kabla. Loredana alifutiwa matokeo yote na nafasi ya timu ya taifa ikaenda kwa mwingine.

Kamati yetu ilikaa na kuamua kwamba fundi alikuwa na majivuno, kwamba gramu ishirini ni chache mno na skrubu yake imelegea yenyewe. Barua iliyokuwa imekuja kumwita Mzee Bortolo awe fundi wa timu ya taifa ilifuatwa na nyingine ya kuifuta. Jina lake liliondolewa kwenye ubao wa ukumbini. Tena likaongezwa sharti: kila bastola atakayoitengeneza ipimwe upya na kutiwa sahihi na msaidizi wake. Yaani mimi.

Skrubu ile haikulegea yenyewe. Niliilegeza mimi.

Mchana, kati ya awamu mbili, Loredana alilalamika.

"Kaka Ermes, leo kifyatulio kinaniburuta. Au ni mimi nimechoka?"

"Nipe niifute vumbi," nikasema.

Nikaenda nayo nyuma ya gari, nikakwangua rangi, nikageuza bisibisi kidogo sana. Jiwe la kilo sikuwa nalo. Nilipima kwa kidole. Kisha nikachukua rangi ya kucha kwenye mkoba wa Tullia, nyekundu pia, nikatia tone juu. Nilimrudishia Loredana bastola nikamwambia imekuwa safi. Nilijisikia fundi hodari kweli.

Mbele ya kamati Mzee Bortolo aliulizwa kama ana la kusema. Bastola ilikuwa mezani, imefunguliwa. Aliinama juu ya skrubu kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, si wao. Nikaangalia viatu vyangu. Akasema, "Kazi imetoka karakanani kwangu. Sina zaidi." Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtoto mmoja, na hamu ya kurithi karakana. Nikanyamaza. Nimenyamaza hivyo hivyo miaka kumi na saba, nikitia sahihi yangu juu ya kazi ya mtu ambaye sistahili kumshikia tupa. Kupima nilipima. Kufungua ndani na kuyatazama matone yake ya rangi sikuwahi. Sikuwa na uso huo.

Mwezi mmoja baada ya Bologna aliniambia, "Ermes, kopo langu la rangi limekauka. Niombee kwa Tullia chupa ya rangi ya kucha. Ile inayometameta." Nikajiambia ni bahati tu, wazee wana ubahili wao. Nikamletea. Akaipokea, akasubiri kidogo kama mtu anayengoja chenji, kisha akarudi kwenye jiriwa. Mwaka uliofuata akaomba tena. Tangu hapo kila mwaka, ilipofika wiki ya mashindano ya Bologna, chupa moja. Tullia akawa anataniwa dukani kwamba ana kucha nyingi.

Wiki iliyopita tulikuwa tunahamisha vitu vyake. Nilifungua droo ya chini ya meza ya kupimia. Chupa kumi na saba zilikuwa zimepangwa kwa mstari. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Pembeni palikuwa na kopo la rangi yake nyekundu, laini, tayari kwa kazi.

Nilikaa sakafuni. Yeye alikuwa anafunga tupa zake kwenye kitambaa.

"Ulijua, Mzee?"

"Rangi yangu haimeti."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakuuliza kila mwaka," akasema. "Hebu inuka, umekalia gazeti langu."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, na bado ninayo ninapoandika. Loredana nilimpigia simu Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka yote hii nilidhani niliilegeza mimi kwa kuishika vibaya," akakata. Kamati nimeiandikia barua: jina la Pintossi lirudishwe kwenye ubao, sharti la sahihi lifutwe, na karakana apewe mwingine. Bi Norma, najua hukuomba haya. Usipunguze hata neno.

Nilimsomea Mzee Bortolo ukurasa huu kabla ya kuuleta. Nilitegemea angalau anitukane. Alisahihisha jambo moja tu: mara ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba bastola ile ilitoka mikononi mwake ikiwa na ziada ya gramu kama ishirini. Alilifuta neno "kama".

Basi iandikwe kwenye kumbukumbu za chama: kilo moja na gramu ishirini. Ndivyo ilivyotoka kwenye meza yake, na ndivyo ingerudi kama nisingeigusa.

Mzee Bortolo, asante kwa miaka arobaini na mmoja, na nisamehe kumi na saba. Upumzike vyema, ule polenta yako umekaa kitini, na jibini uliweke popote unapotaka. Wiki ya Bologna imepita, na mwaka huu hukuniomba chupa.