Mama Kanze na Panga za Kifaransa

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Bi Kanze Kaingu, muuzaji wa duka la zawadi la Hoteli ya Mkokoni, Malindi, anastaafu tarehe 31 Machi 1986. Sisi humwita Mama Kanze, na akikasirika hatumwiti kabisa.

Alitoka kwao Tezo akaajiriwa dobini mwaka 1958. Alifua mashuka mpaka sabuni ikamla vidole, ndipo akahamishiwa dukani. Hakukawia kuonyesha kipaji chake: Mjerumani mmoja aliyekuja kurudisha kikapu kilichokatika mkono alitoka na vikapu viwili, tena akishukuru.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1983. Meneja wetu wa wakati huo, Mfaransa, aliagiza kutoka kwao kasha la panga zilizotengenezwa kwa kuiga zile za askari wa farasi wa zamani: mpini wa shaba, ala nyeusi, na makali yasiyokata hata ndizi mbivu. Alitaka wageni wazinunue kama zawadi. Wageni walizishika, wakapigwa picha, wakazirudisha. Nani atoke Paris aje Malindi kununua upanga wa Kifaransa? Meneja hakuliona hilo. Alitangaza kwamba zisipouzwa kabla ya Krismasi, duka litafungwa na Mama Kanze atarudi dobini. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na vidole ni vile vile.

Mwezi ule ule wa tangazo, Mama Kanze alialikwa harusi mtaani kwake, Shela. Bwana harusi alivaa joho na kilemba, lakini mkononi hakuwa na kitu. Upanga ambao mtaa mzima huuazima ulikuwa umekwenda kwenye harusi nyingine siku hiyo hiyo. Mama Kanze ni Mgiriama, tena mwimbaji wa kwaya, na mambo hayo hakuyajua sana, basi akauliza, akaambiwa kwamba bwana harusi wa Kiswahili hushika upanga.

Hazikupita siku nyingi akaomba ruhusa ya meneja, akampelekea upanga mzee mmoja ambaye mpwawe alikaribia kuoa. Mzee aliukataa, kwa kuwa mpini ulichongwa kichwa cha mtu, na dini yake haikubali sanamu. Mama Kanze hakubisha. Alimwendea Garama, fundi viatu, aliyeuzungushia mpini ngozi nyekundu, kisha Mama Kanze akaurudisha kwa mzee, ukanunuliwa. Wanunuzi wote waliofuata aliwaeleza wazi kwamba upanga ni wa kuiga na haukati. Walimjibu kwamba bwana harusi haendi vitani.

Krismasi ilikuta kasha ni tupu. Meneja aliagiza jingine, na duka liko wazi mpaka leo. Limempa kazi hata Monicah, anayemrithi Mama Kanze.

Tulipofikiria zawadi ya kumuaga, wote tulisema upanga. Tuliutenga mmoja, wa mwisho, tukauficha nyuma ya vikoi. Jumamosi iliyopita Mama Kanze akaukuta. Kabla Monicah hajafungua mdomo, akamwuzia mama mmoja wa Mambrui aliyekuwa akimwoza mwanawe. Tulinuna kidogo, kisha tukacheka mpaka machozi, na si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko. Basi leo, Mama Kanze, utapokea redio, na wa kulaumiwa ni wewe mwenyewe.

Asante kwa kututunzia duka na kutufundisha kazi. Tunakupenda, na pengo lako tutaliona kila asubuhi. Mungu akujalie afya njema huko Tezo, mvua za kutosha na wajukuu wa kukufulia nguo. Na ukija kututembelea karibu sana, ila siku hiyo ukae upande wa wateja.

Gerishom Gitau, Mapokezi