Simameni Kwenu: Maisha ya Mwalimu Simeo Bonaventura, 1928–1978

Padri wetu, sheikh wetu, mwenyekiti wa kijiji, wazee, ndugu na majirani mliofika hapa Kwedizinga kutoka Ngombezi, Mnyuzi na mbali zaidi, familia imeomba yasomwe mbele yenu maisha ya mtu tunayemzika leo, tarehe 11 Mei 1978, nayo yatasomwa kama yalivyokuwa, bila kuongezwa chumvi, kwa sababu mwenyewe hakupenda.

Simeo Bonaventura alizaliwa tarehe 14 Machi 1928, katika kambi namba tatu ya shamba la mkonge la Ngombezi, karibu na Korogwe, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Bonaventura na marehemu Justa. Baba yake alitoka Songea mwaka 1924 pamoja na wafanyakazi walioandikishwa kwa mkataba na kupewa namba, ndiyo maana watu wakawaita manamba, na nia yake ilikuwa kukata mkonge miaka miwili, kisha arudi kwao akajenge. Hakurudi. Kila mwaka alisema mwakani, na kila mwaka mtoto mwingine alizaliwa au mtu aliugua, mpaka tarehe 3 Agosti 1956 alipofariki kambini, akiwa amemshika Simeo mkono na kumwambia, "Mimi sikufika kwetu, basi ufike wewe." Neno hilo, kwetu, lilimfuata marehemu maisha yake yote, kwa maana hakujua kwao yeye ni wapi.

Alisoma darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya misheni, tangu Januari 1938 hadi Desemba 1941, akitembea maili nne kwenda na nne kurudi, akaishia hapo baba yake alipoumia mguu na nyumba ikahitaji mkono mwingine wa kazi. Mwaka 1942 alianza kukata mkonge, mwaka 1949 akahamishiwa kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani, na tarehe 20 Septemba 1952 alifunga ndoa na Rosa, binti wa fundi wa reli wa Mnyuzi, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hai, na mkubwa wao ni Efrazia, muuguzi.

Baada ya Uhuru, Februari 1962, darasa la watu wazima lilifunguliwa kambini, likakutana saa kumi jioni watu wakishatoka kazini, na kwa kuwa Simeo alisoma gazeti bila kufuatisha kidole, wenzake walimchagua awe mwalimu wao. Alipewa kijitabu kimoja chenye somo la Nchi Yetu, lenye habari za mipaka, milima na maziwa, serikali, watu na mila zao, na historia tangu Wajerumani mpaka bendera mpya, lakini hakupewa ramani. Akasokota kamba ndefu kwa nyuzi zilizokataliwa kiwandani, akailaza kwenye uwanja wa kuanikia mkonge, akaikunja hapa na kuinyoosha pale mpaka ikawa Tanganyika, akaweka karai la maji mahali pa Ziwa Viktoria, jani refu la mkonge likawa Ziwa Tanganyika na jani fupi likawa Nyasa, Kilimanjaro ukawa tenga lililofunikwa, na Mto Pangani akauchora kwa kidole kutoka chini ya tenga, ukipita Korogwe, hadi baharini.

Kisha akasema, "Kila mtu asimame kwao." Watu arobaini na mmoja wakainuka, wengine wakaenda Songea, wengine Newala, wengine Kigoma, Warundi na watu wa Msumbiji wakasimama nje kabisa ya kamba, na pale Korogwe, walipokuwa wanaishi wote, wengine kwa miaka thelathini, hapakuwa na mtu. Mzee Bernardo, mkataji wa siku nyingi ambaye leo yuko hapa nasi, akaangalia kulia na kushoto, akapiga kelele kutoka mpakani, "Mwalimu, Korogwe imebaki tupu! Sasa mkonge anakata nani?" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, lakini Simeo hakucheka, maana alikuwa bado amesimama nje na fimbo yake, na mtu mmoja akamwuliza, "Na wewe mwalimu, kwenu wapi?" Akasema muda umekwisha, wakutane kesho.

Darasa liliendelea, na waliosoma humo hawajasahau. Somo la serikali alilifundisha kwa kumsimamisha mmoja Dar es Salaam awe mkuu wa nchi na wengine wawe wabunge, akauliza wabunge hao wamewekwa na nani, naye Bernardo akajibu, "Na mimi, na nikimchoka nambadilisha," akapigiwa makofi kuliko mkuu wa nchi. Katika somo la mila kila mmoja alisalimia kwa lugha ya nyumbani na kueleza kwao wanakula nini, na ugomvi wa nani anajua kupika ugali ulichukua jioni mbili. Aprili 1964 nchi ilipoungana na Zanzibar, Simeo alisokota vipete viwili vya kamba, Unguja na Pemba, akaviweka baharini, Bernardo akataka kujua mbona vimeachwa nje, akajibiwa kwamba maji hayafungwi kwa kamba, lakini serikali ni moja.

Julai 1966 alipata likizo, akatimiza agizo la baba yake, akasafiri siku tano hadi Songea. Baba zake wadogo walimpokea vizuri, wakamchinjia mbuzi, wakamwonyesha kaburi la babu, lakini kila alipofungua mdomo watoto waliziba yao wasicheke, kwa sababu Kingoni chake kilikuwa na lafudhi ya Kizigua, na wakubwa walipomtaja walisema "yule mgeni wa Tanga." Alirudi Ngombezi, akamwambia mkewe, "Nimefika kwa baba. Kwangu bado."

Bei ya mkonge iliposhuka na kazi kupungua, familia kumi na nne za kambini ziliomba kujiunga na kijiji cha ujamaa hapa Kwedizinga, wilayani Handeni, zikafika tarehe 2 Oktoba 1970 na vitanda vyao, masufuria yao, na kamba ya ramani ikiwa imeviringwa ndani ya gunia. Wenyeji waliwapa ardhi na mbegu, ila hawakuwa na hakika nao, na Mzee Mdoe Sadala, aliyekuwa jirani wa kwanza wa marehemu, alimwuliza waziwazi, "Nyinyi watu wa mkonge, mnakaa au mnapita?" Marehemu akamjibu, "Shikamoo mzee, acha kwanza tulime." Walilima shamba la pamoja, wakajenga darasa la fito na udongo, wakafyatua matofali ya zahanati, lakini kwa miaka minne mtu akipotea njia aliambiwa, "Uliza pale kwa yule Mngoni," na marehemu alikuwa akiitika.

Mwaka 1975, wakati taifa zima lilipokuwa likijiandaa kwa mtihani wa kujua kusoma na kuandika, aliifungua ile kamba tena, akailaza mbele ya darasa, akaweka karai, majani na tenga, akasema kama alivyosema Ngombezi, "Kila mtu asimame kwao." Wanafunzi hamsini na watatu wakaenda wote mahali pamoja, wakabanana Handeni wakikanyagana miguu, na Bi Tatu, aliyekuwa na mjukuu mkononi, akalalamika, "Mwalimu, tunaumizana huku na nchi nzima iko wazi, tugawie hata Dodoma!" Wakati watu wanacheka, Mzee Mdoe alimtazama marehemu, aliyekuwa anazunguka nje ya kamba na fimbo yake kama kawaida, akamwambia, "Na wewe unazunguka nini huko nje kama askari wa mpaka? Ingia. Watoto wako wamelima hapa, mkeo amezika mtoto hapa, halafu unatuuliza sisi kwetu ni wapi. Ingia, tusogee." Wakasogea, na Bi Tatu akamhamishia mjukuu mkono mwingine ili nafasi ipatikane. Mwalimu aliweka fimbo chini, akaruka kamba, akasimama Handeni, na mama Rosa anasema hajamwona akilia mbele ya watu siku nyingine yoyote.

Tangu siku hiyo, aliyepotea njia aliambiwa aulize kwa mwalimu. Katika wanafunzi wale hamsini na watatu, arobaini na tisa walifaulu mtihani, na Bi Tatu ndiye anayesoma barua za nusu ya kijiji.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua Novemba 1977, akatibiwa katika zahanati ya kijiji, kisha akalazwa hospitali ya Korogwe tarehe 17 Aprili mwaka huu, akafariki tarehe 9 Mei saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mkewe akiwa kando yake. Simu ya maandishi ilitoka Songea siku iliyofuata, baba mdogo akiuliza kama mwili utapelekwa kwao, familia ikamjibu kwamba yuko kwao tayari, naye akatuma ya pili, yenye maneno matatu, "Basi mpumzisheni huko."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Korogwe, mganga wa zahanati yetu, wafanyakazi wenzake wa Ngombezi waliokodi lori tangu alfajiri, walimu wenzake wa elimu ya watu wazima, na majirani wote waliopika, waliochota maji na waliochimba, wakiongozwa na Mzee Mdoe, aliyechagua mahali pa kaburi kando ya pale atakapolala yeye mwenyewe.

Kamba mtakayoiona ikimshusha ni ile ile, imesokotwa upya mara mbili na wanafunzi wake, nao wameomba waishike wao, wa Ngombezi upande mmoja na wa Kwedizinga upande wa pili. Mwalimu, tumesogea, nafasi ipo. Umesimama kwenu, sasa pumzika kwa amani.