Bi Wadad wa Simu ya Mgao Anapumzika

Tarehe 30 Juni 2018 Bi Wadad Khairallah ataweka chini mkono wa simu ya malalamiko, baada ya kulitumikia shirika letu la umeme kwa miaka thelathini na miwili. Katika miaka hiyo ameulizwa maswali mengi, lakini ukiyachuja yote linabaki moja: kwa nini wale wana umeme na sisi hatuna? Wahariri wa jarida la wafanyakazi wameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu imekuwa ubavuni mwa meza yake tangu tulipokuwa na nywele. Yaani mimi. Yeye bado anazo, na hachoki kunikumbusha.

Aliajiriwa mwaka 1986, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijaisha, na kazi ya kupokea simu ilihitaji kwanza simu yenyewe iwe hai. Siku nyingi haikuwa hai. Bi Wadad alikuja vivyo hivyo, amevaa viatu vya visigino, akaketi mbele ya simu iliyokufa na kufuma sweta. Mafundi wote wa nguzo wa enzi hizo walivaa sweta zake mpaka zikachakaa. Simu zilipofufuka baada ya vita, nchi nzima ilipiga kwa pamoja, na sindano zake za kufumia hazijaonekana tena.

Mgao wa nchi yetu mnaujua, ila nitausema kwa faida ya vijana wa uhasibu, ambao wote wanakaa ndani ya Beirut. Ndani ya mpaka wa jiji umeme hukatika masaa matatu kwa siku, na masaa hayo huhama kila siku ili watu wasizoee. Ukivuka mpaka kuingia vitongojini, ni masaa manne ya mwanga na manne ya giza. Ukienda milimani au kusini, unapokea unachopewa na unashukuru. Bi Wadad alikuwa na sauti tatu kwa hali hizo tatu. Watu wa jiji aliwaongelesha kama daktari, wa vitongoji kama dada yao, na wa milimani kama ndugu waliopoteana kwa muda mrefu.

Mzee mmoja wa milimani alipiga simu asubuhi moja akiwa na wasiwasi mkubwa. Alisema umeme umewaka tangu alfajiri bila kukatika, na akataka kuambiwa ukweli, ni nani aliyekufa. Bi Wadad aliulizia chumba cha mitambo, kisha akamrudia mzee na kumwambia hajafa mtu, ila waziri anakuja kula chakula cha mchana kwa jirani yao, kwa hiyo wapige pasi upesi. Kijiji kizima kilipiga pasi. Inasemekana waziri aliondoka akisifia jinsi watu wa pale wanavyovaa nadhifu.

Hakuwahi kumwahidi mtu kitu. Neno "sasa hivi" halijatoka kinywani mwake tangu nimfahamu, na sisi vijana wake tulipolitumia alitutazama mpaka tukalifuta. Badala yake alikaa na mteja kwenye simu. Kuna watu waliopiga kulalamika na wakaishia kuelezwa namna ya kukunja majani ya mzabibu yenye wali ndani yasifumuke.

Yeye mwenyewe anakaa Ain Lawz, ghorofa ya saba, kwenye mtaa ambao mpaka wa jiji umepita katikati ya lami. Nyumba za namba witiri ni jiji. Za namba shufwa, ambako ndiko kwake, ni kitongoji. Witiri wanaangalia mpira mpaka mwisho, na shufwa wanasikia goli kupitia dirisha. Mhandisi Zuhair wa chumba cha mitambo, ambaye angemwashia Bi Wadad hata mwezi kama angeombwa, alisubiri miaka yote hiyo kuombwa dakika tano tu kwa ajili ya mtaa huo. Hakuombwa hata mara moja.

Hapa ndipo inapoingia habari ya lifti, ambayo Bi Wadad amenikataza kuiandika.

Ilikuwa Jumapili moja ya Oktoba, miaka minne iliyopita. Binti yake Jumana alikuwa anaposwa na Nadim, kijana wa ng'ambo ya mtaa, upande wa witiri. Vijana hawa walikuwa wamependana miaka miwili kwa kupungiana mikono kutoka roshani hadi roshani, na umeme wa shufwa ulipokatika, Nadim alikuwa akimulika kwa tochi ili Jumana amalizie kusoma. Bi Wadad ni mjane na kaka yake yuko Brazili, kwa hiyo aliniomba mimi nikae mahali pa kaka na kujibu posa. Nilishona suti. Niliandaa hotuba ya kurasa mbili inayoanzia kwa babu wa babu.

Shida ilikuwa mama wa kijana, Bi Insaf, mwanamke mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa. Hakutaka mkwe kutoka upande wa giza. Alikuwa amewaambia majirani kwamba anakwenda kwa heshima tu, na kwamba akiona jambo moja lisilompendeza atarudi na mwanawe, na habari itakuwa imeishia hapo. Jumana alikuwa hajala tangu juzi yake.

Sasa, kwenye jengo la Bi Wadad kuna adabu moja ambayo haikuandikwa popote. Zamu ya umeme inapokaribia kubadilika, hakuna anayeingia kwenye lifti. Watu husimama chini wakizungumzia bei ya nyanya, lifti ikiwangoja mlango wazi, mpaka umeme ukatike ndipo wapande ngazi kwa amani. Bi Insaf, mumewe Bwana Fawzi na Nadim waliingia mlangoni saa kumi jioni ikikaribia sana. Nadim alimsihi mama yake wapande kwa ngazi. Mama akamjibu kwamba leo umeme umekatika saa sita na umerudi saa tisa, ameuona kwa macho yake, na hadi kesho hakuna cha kuogopa. Alikuwa sahihi kabisa kwa nyumba yake. Alikuwa amevuka barabara na saa za kwake mkononi.

Lifti ilisimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne.

Jenereta la jengo halikuwa na msaada, kwa sababu watu wa ghorofa ya kwanza walikuwa wamekataa lifti iunganishwe nalo, maana miguu yao wenyewe ni mizima. Mtu pekee anayejua kuizungusha lifti kwa mkono kutoka darini ni mlinzi wa jengo, Bwana Shukri, naye alikuwa amekwenda kwenye ubatizo wa mpwa wake na ufunguo wa dari mfukoni.

Tulishuka mbio. Lifti ile ni ya zamani, ya nondo, inayopanda katikati ya ngazi, kwa hiyo tuliwaona vizuri, kama wafungwa tuliokwenda kuwatembelea gerezani. Bi Insaf alikuwa ndani ya suti ya zambarau. Bwana Fawzi alikumbatia maua. Nadim alishika kisanduku cha vitumbua vya tende na alikuwa na uso wa mtu anayehesabu maisha yake.

"Mama Jumana," alisema Bi Insaf, "wewe si mtu wa umeme? Piga simu moja. Ukiwaka, tutakunywa kahawa yenu. Usipowaka, nikitoka humu nakwenda kwangu, na huyu kijana nakwenda naye."

Jumana alikuwa nyuma yangu na birika la kahawa na vikombe, kifuniko kikigongagonga. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu na jina la Zuhair limeshatokea. Nilimpa Bi Wadad.

"Dada, mara moja tu," nikamwambia. "Ni mwanao."

Aliitazama ile simu. Alimtazama Jumana, na kwa kitambo kile niliamini kwamba atapiga, na nasema wazi kwamba nilimwombea apige. Kisha akanirudishia. Akakunja gauni lake zuri, akaketi kwenye ngazi yenye vumbi, uso kwa uso na nondo.

"Mama Nadim, umeme hautoki mfukoni mwangu. Nikikuwashia wewe, nimzimie nani?"

Nilisema moyoni, ndoa imekwisha, na suti nimeshona bure. Lakini Bi Wadad alikuwa hajamaliza. Aliendelea kwa ile sauti yake ya kazini, ile ya watu wa jiji.

"Kukuwashia siwezi. Ila sitoki hapa mpaka utoke."

Bi Insaf alisogea kwenye nondo.

"Sema tena."

"Sitoki hapa mpaka utoke."

"Wewe ndiye wa ile keki," akasema Bi Insaf.

Hapo na mimi nikaitambua sauti ya Bi Insaf. Kwenye dawati letu tulimwita Malkia wa Masaa Matatu. Kwa miaka mingi, kila mgao wa jiji ulipomwangukia wakati ng'ambo ya mtaa kuna mwanga, alipiga simu kuuliza ni mkubwa gani anaishi kule anayependelewa namna ile. Na siku moja, Nadim alipomaliza chuo, umeme ulikatika keki ikiwa ndani ya jiko, akapiga akilia na kututukana kwa wakati mmoja. Bi Wadad alimwambia asifungue mlango wa jiko, na kwamba yeye hatoki hapo mpaka umeme urudi, akakaa naye kwenye simu wakizungumza habari za mayai, waume na magoti mpaka umeme ukarudi.

"Haikuumuka," alisema Bi Insaf.

"Nilikuwa na wasiwasi nayo," alikiri Bi Wadad.

"Niliila yote," akasema Nadim kutoka nyuma, na hilo ndilo neno lake pekee mle ndani ya lifti siku ile ya posa yake.

Bi Insaf alimgeukia mwanawe. Kisha akaomba kahawa.

Kwetu, mgeni aliyekuja kuposa haonji kahawa mpaka ajibiwe. Hukiweka kikombe mezani kikapoa, wazee wakaongea kwa kirefu, na kila mtu akaonekana mwenye heshima. Jumana alivipitisha vikombe kati ya nondo, kimoja kimoja, vikifuka moshi. Ndani ya lifti hakukuwa na meza. Bi Insaf alikipokea cha kwake, akakihamishia mkono wa pili, akakirudisha wa kwanza, akakishika kwa ncha za vidole huku macho yakimtoka. Kukinywa ni kukubali. Kukirudisha ni kukataa. Jengo zima lilikuwa limeshajaa kwenye ngazi, juu na chini.

"Fawzi," alisema hatimaye, "posa basi, naungua."

Bwana Fawzi, ambaye nadhani alikuwa hajamaliza sentensi tangu alipooa, alisogeza maua pembeni na kusema kwamba wamekuja kumwomba binti yetu kwa ajili ya mwana wao. Nilikohoa. Nilianza na babu wa babu, nikafika kwa mwanawe wa kwanza, ndipo Bi Wadad akanikanyaga mguu.

"Ni binti yenu," nikasema.

Bi Insaf alikinywa kwa mkupuo mmoja. Vigelegele vilianzia ghorofa ya tano, vikashuka mpaka mlangoni, na wanawake wa witiri wakavidaka kutoka roshani zao bila kujua vinahusu nini. Jumana alikaa kwenye ngazi akalia na kucheka. Bwana Shukri alipofika na kuzungusha gurudumu lake, lifti ilishuka mpaka ghorofa ya tatu. Bi Insaf alitoka, akatengeneza suti, na badala ya kushuka kwenda kwake alimshika Bi Wadad mkono wakapanda ngazi zote zilizobaki pamoja, wakipumzika kila ghorofa.

Narudi kwenye kazi, kabla wahariri hawajanikatia umeme. Bi Wadad amewafundisha kazi karibu wote wanaopokea simu katika shirika hili. Alipewa cheti cha mfanyakazi bora mara mbili, na mara zote mbili taa zilizimika kwenye sherehe. Alikataa ofisi ya ghorofa ya tano kwa sababu mnazojua.

Nadim na Jumana wanakaa upande wa shufwa, na wana binti wa miaka miwili anayeitwa Tala. Wiki iliyopita simu ililia Bi Wadad akiwa anachemsha chai, nikaipokea mimi. Alikuwa Bi Insaf, mkali kama siku zote. Alisema ng'ambo kuko giza tangu mchana, na mtoto amelala kwenye joto, na yeye anaona kila kitu kutoka roshani yake yenye feni. Kisha akauliza, "Kwa nini sisi tuna umeme na wale hawana?"

Katika miaka yangu yote hapa, hakuna aliyewahi kuliuliza swali lile kwa kuanzia upande ule. Nilimgeukia Bi Wadad, nikarudia maneno kama nilivyoyasikia. Aliiacha chai ichemke mpaka ikamwagika. Akachukua simu, akavuta kiti, na waliongea mpaka zamu yake ikaisha.

Bi Wadad, dada yetu, tunakushukuru kwa sweta, kwa uvumilivu, na kwa kutukataza kusema uongo wenye adabu. Mungu akupe afya, mjukuu msikivu na mapumziko matamu. Kuanzia Julai wewe ni mteja wetu wa namba shufwa, wa masaa manne kwa manne kama majirani zako. Umeme ukikatika, tupigie. Hatutakuahidi kitu, wala hatutakata simu.

Afif Zaytun, meza ya ubavuni